Homa Iliondoka, Magoti Yakagoma

Tabora ilikuwa mji wa waenda kwa miguu kabla haijapata reli wala hospitali. Wapagazi wa Kinyamwezi walijitwika mizigo ya kilo 30 hivi, wengine pembe za ndovu nzito kupita hapo, wakashuka nayo hadi Bagamoyo. Mpagazi aliyeteguka goti njiani hakuandikwa na mtu. Tunaowajua ni Wazungu, kwa kuwa walijiandika wenyewe.

Wasafiri Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Januari iliyofuata, wakiwa njiani kuelekea Ujiji, homa ilimwangusha Burton. Miguu ikafa ganzi, akabebwa kwa machela. Homa yenyewe ilipungua baada ya siku chache, ila miguu haikumrudia. Ameeleza kwamba misuli ya juu na chini ya magoti ilikaza kama iliyofungwa kamba, na karibu mwaka mzima hakuweza kutembea mwendo wa maana. Katikati ya 1858 Speke alipokwenda kaskazini na kuliona ziwa la Nyanza, mwenzake alibaki Kazeh kwa Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu aliyewapokea.

Mtaalamu wa fiziotherapia akiyasoma maelezo hayo hawezi kutaja homa iliyosababisha yote, lakini habari ya misuli ataitambua mara moja. Misuli isiyonyooshwa hufupika, na kiungo kisichokunjwa hukakamaa. Ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi huanza kugeuzwa, kukunjwa na kunyooshwa viungo akiwa bado kitandani. Kazeh ukarimu ulikuwepo. Tiba hiyo haikuwepo.

Msafiri mwingine, David Livingstone, aliyekaa Kwihara nje kidogo ya mji mwaka 1872, alikuwa na mkono uliovunjwa na simba mwaka 1844. Mfupa haukuunga sawasawa, ukajifanyia kiungo cha uongo pale ulipovunjika, na kwa alama hiyo madaktari wa London waliutambua mwili wake mwaka 1874. Lakini tusiwape watu wa mazoezi sifa isiyo yao: mfupa wa namna hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Fani ya fiziotherapia yenyewe ilikuwa changa. Per Henrik Ling alifungua taasisi yake ya mazoezi Stockholm mwaka 1813, na wauguzi wanne wakaanzisha chama chao cha ukandaji London mwaka 1894. Vita kuu mbili na ugonjwa wa polio vikaikuza. Kwetu, mafunzo yalishika mizizi hospitali ya KCMC, Moshi, miaka ya 1970, na mwaka 1981 hapohapo kikaanza chuo cha TATCOT, kinachofundisha utengenezaji wa miguu bandia na vifaa vya kushikiza viungo.

Leo, hapa Tabora, anayeanguka na bodaboda mtaa wa Gongoni hukimbizwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Hogo likishafunguliwa, paja limekonda na goti limekuwa gumu kama mti. Zoezi la kwanza ni dogo mno, wengine huliona mzaha: unalala chali, kanga iliyoviringishwa inawekwa chini ya goti, unaikandamiza kwa goti, unahesabu hadi tano, unaachia. Kisha tena na tena, kutwa. Wengi hukomea pale maumivu yanapopungua, wakaridhika na kukandwa maji ya moto nyumbani. Maji ya moto yanalegeza, hilo ni kweli, ila hayarudishi nguvu ya paja.

Halafu huja suala la goti lenyewe linapaswa kufika wapi. Nyuzi 90 zinatosha kukaa kwenye kiti. Choo cha kuchuchumaa kinataka zaidi ya hapo, na anayeswali akikaa tahiyatu anahitaji goti likunjike karibu lote. Kwa hiyo mtaalamu anayeijua kazi yake, kabla ya kushika mguu, humuuliza mgonjwa nyumbani kwao kuna choo gani, na anaswali wapi.