Katuni za kila siku zinazohoji tiba ya akili

Katuni hizi ni michoro inayotolewa mmoja kila siku, aghalabu kwa muda wa mwezi mzima, ambayo kwayo watu waliowahi kutibiwa maradhi ya akili huhakiki namna walivyoitwa, walivyofungiwa na walivyopewa dawa. Desturi ya mchoro mmoja kwa siku ilienezwa na Inktober, zoezi la wino la mwezi wa Oktoba lililoanzishwa mwaka wa 2009 na mchoraji wa Marekani, Jake Parker. Kwa sadfa, Siku ya Afya ya Akili Duniani nayo huadhimishwa Oktoba 10.

Uhakiki wenyewe ulitangulia zoezi hilo. Mnamo 1972 Justin Green wa Marekani alichapisha katuni kuhusu fikira zilizomtesa tangu utotoni. Darryl Cunningham, Mwingereza aliyewahi kuhudumu katika wodi ya wagonjwa wa akili, alitoa Psychiatric Tales mwaka wa 2010. Wachoraji hawa hawaukatai udaktari wote: Ellen Forney, katika Marbles ya mwaka wa 2012, anasimulia jinsi dawa zilivyomfaa hatimaye baada ya majaribio mengi.

Kenya ina sababu yake ya kuhoji. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili mwaka wa 1910. Mnamo 1938 ilikabidhiwa J.C. Carothers, daktari ambaye wakati huo hakuwa na mafunzo maalumu ya fani hiyo, naye akaiongoza hadi 1950. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti kuhusu Mau Mau, akieleza vita vya kudai ardhi na uhuru kana kwamba kiini chake ni nafsi zilizovurugika. Waliochunguzwa hawakupewa hata ukurasa mmoja wa kujibu.

Jibu la namna hiyo ndilo linalowezekana kwa katuni. Faili huandika kwamba mgonjwa "ametulia". Mchoro huonyesha mikono inayotetemeka na misuli iliyokakamaa, madhara yanayojulikana ya dawa za zamani kama klorpromazini, iliyoanza kutumika miaka ya 1950. Wasomaji wa Taifa Leo walizoea katuni ya Juha Kalulu, ya marehemu Edward Gitau. Tofauti ni kwamba hapa anayechekwa ndiye mwenye kalamu. Hatari ipo pia: anayeacha dawa ghafla kwa kuvutiwa na mchoro anaweza kuumia vibaya.

Kwa mkazi wa Kehancha, mji wa Wakuria katika Kaunti ya Migori karibu na mpaka wa Tanzania, Mathari ni safari ya takriban siku nzima. Anayerudi kutoka huko huja na cheti, dawa na jina la ugonjwa, huku majirani wakiwa wamekwisha kumpa jina lao. Penseli na daftari la shule hupatikana dukani. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka wa 2022 ili kupanua haki za mgonjwa, na mwaka wa 2025 Mahakama Kuu ikatangaza kuwa kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.