Jina la Chura, Kinyesi cha Simba

Tulikuwa kidato cha pili, hapa Tarime, siku tuliyopasua chura. Msuli wa paja ulipofunguka, mwenzangu alivuta kitu cheupe, bapa, kirefu kama kidole, kimejikunja mfano wa utepe uliolowa. Mwalimu akasema ni mshipa wa fahamu. Tukauchora, tukaandika hivyo. Lakini mshipa wa fahamu haujinyooshi wenyewe ukitiwa majini, na kile kilijinyoosha.

Miaka mingi baadaye nimeshika njia nikifuata habari za utepe ule, kwa barabara inayotoka Tarime kupitia Nyamwaga na Nyamongo, ikavuka Mto Mara kwenda Mugumu. Habari za utepe huo zilianza kuandikwa mbali sana na huku. Mwaka 1882, mjini Amoy, pwani ya China, daktari Mskoti Patrick Manson alipasua maiti ya mwanamume mmoja. Ni Manson yule yule aliyeonyesha mwaka 1877 kwamba mbu ndiye mlezi wa mnyoo wa matende. Safari hii, chini ya utando wa tumbo, alikuta minyoo bapa, myeupe, isiyo na pingili. Walikuwa tegu wachanga, waliopotea njia. Binadamu si kwao.

Kwao ni utumbo wa jamii ya paka na mbwa. Mayai hutoka na kinyesi, mvua ikayasukuma hadi dimbwini, yakaanguliwa. Kinachotoka humezwa na mdudu mdogo mno wa majini, ndugu wa mbali wa kamba. Chura akimla mdudu huyo, mnyoo hutoboa utumbo, hujilaza msulini, akangoja. Hazai wala hapevuki. Kazi yake ni kungoja mwenyeji wake aliwe. Nyoka akimmeza chura, mnyoo huhamia kwa nyoka, akaendelea kungoja.

Kwa majirani zetu ng'ambo ya Sirari, mwaka 1965 watafiti Nelson, Pester na Rickman walichapisha utafiti kuhusu nafasi ya wanyamapori wa Kenya katika kueneza tegu wanaowadhuru watu. Upande wetu, katika miaka ya 1990, mtafiti Müller-Graf alikuwa akipekua kinyesi cha simba wa Serengeti na Ngorongoro, na tegu wa ukoo huu akawa amejaa tele. Kisha mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini na wenzao wa Tanzania wakachunguza vinasaba vya tegu aliyepatikana katika kinyesi cha simba wa Serengeti. Wakamtambua: Spirometra ranarum. Neno hilo la pili ni Kilatini, maana yake "wa vyura".

Hapo nilicheka peke yangu. Nani amewahi kumwona simba akiwinda chura? Lakini mnyoo huyu ana milango mingi, na nyama ya ngiri ni mmojawapo. Jina limebaki la chura hata pale ambapo chura hakupita.

Mtu naye hujiingiza mwenyewe: kwa nyama mbichi, kwa kubandika nyama ya chura kwenye jicho linalouma, kama ilivyokuwa dawa katika sehemu za Asia, au kwa kunywa maji yenye wale wadudu. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba watu 37 wa Ethiopia na Sudan Kusini walikuwa na minyoo ya ukoo huu. Awali ilidhaniwa kuwa mnyoo wa Guinea.

Kabla ya kufika Mto Mara nilisimama kwenye lambo. Mzee mmoja alikuwa akinywesha ng'ombe, na kibuyu chake kando.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatafuta nini kwenye matope yangu?"

Nikamweleza. Nikachota maji kwa chupa, nikaiinua juani. Ndani yake vidoa vyeupe vilikuwa vikirukaruka, kama vumbi lenye haraka. Akaviangalia kwa muda mrefu. Kisha akakichukua kibuyu chake, akamwaga maji yote yaliyokuwamo, akainama pale pale, akachota mengine.