Ugali wa Wimbi Sio Chakula cha Maskini

Wasee, kuna watu huku mtandaoni wanatuambia ati ukitaka kula vizuri lazima uachane na ugali. Mimi nakataa. Mlo wa jioni wenye afya Butere ulikuwepo kitambo. Huu wetu wa sasa, ugali mweupe pe na kuku anayeogelea kwa mafuta, ndio mgeni.

Anza na mahindi. Asili yake ni Mexico, na Wareno ndio waliyaleta Pwani yetu baada ya 1498. Lakini huku Magharibi, obusuma iliendelea kuwa ya wimbi na mtama kwa miaka mingi sana. Wimbi ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, si mtu alituletea.

Kilichobadilisha mambo ni reli na serikali ya mkoloni. Reli ilifika Kisumu 1901. John Ainsworth, aliyekuja kusimamia mkoa wa Nyanza mwaka 1907, akasukuma watu wapande mahindi ya kuuza. Kisha 1930 tawi la reli kutoka Kisumu likafika Butere na kuishia hapo. Sasa mahindi yalikuwa na njia ya kutoka na yalileta pesa ya kodi. Vibarua nao walilishwa unga wa mahindi kama posho, na ndio maana mashine ya kusaga bado tunaiita posho mill. Mwaka 1964 Kitale ikatoa mbegu chotara ya H611, mavuno yakapanda. 1973 kiwanda cha sukari cha Mumias kikaanza kusaga miwa hapo jirani, na miwa nayo ikataka shamba.

Lakini msiwaone kukhu zetu wajinga kwa kuacha wimbi. Wimbi ni kazi. Palizi yake inavunja mgongo, ndege wanaishambulia, na watoto waliokuwa wanawafukuza walikuwa wameenda shule. Kuisaga kwa jiwe ilikuwa kazi ya mwanamke, kila siku. Hindi lina maganda yake ya kujilinda, na mashine inalisaga chap chap. Ningekuwa kukhu, hata mimi ningehama.

Shida ilikuja na unga wa kukoboa. Kiwandani wanatoa ganda na kiini cha punje ili unga uwe mweupe na ukae sana bila kuharibika. Nyuzinyuzi na vitamini nyingi zinaenda na pumba, ng'ombe wanafurahia. Ndio maana 2012 serikali ililazimisha viwanda kuongeza vitamini na madini kwa unga. Yaani tunatoa, halafu tunarudisha kidogo.

Na weupe ukawa heshima. Ugali wa wimbi ukabaki wa ushamba na wa wagonjwa. Baba alipoambiwa sukari yake iko juu, Mama hakuogopa gharama kwanza. Aliogopa wageni: "Watu wakija niwawekee ugali mweusi, waseme tumeishiwa?"

Tulienda polepole. Kikombe kimoja cha wimbi kwa viwili vya mahindi ya kusagwa mazima, halafu wimbi ikaongezeka. Ingokho tunachemsha na nyanya, kitunguu na dania, mafuta kijiko tu. Nusu ya sahani ni mboga: mrenda na kunde zilizolainishwa kwa umusherekha, ile chumvi ya majivu, au saga iliyolazwa na maziwa usiku mmoja ili uchungu upungue. Na tusidanganyane, wimbi bado ni wanga. Kipande cha Baba kimepungua, na dawa zake anameza kama kawaida.

Wataalamu pia wanajua thamani ya hivi vyakula. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amefanya utafiti wa mboga za kienyeji kwa miaka mingi. Na 2021 UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili kama mfano mzuri wa kuigwa. Jamii ya Waisukha, hapa hapa Kakamega, ni kati ya walioanza nao.

Kinachoniuma ni bei. Nenda soko la Butere uulize kilo ya wimbi, kisha uulize ya mahindi. Chakula tulichokiita cha maskini, sasa maskini anakiangalia tu. Kama tunataka wazazi wetu wale vizuri, kuwatumia video za kinoa hakusaidii. Wimbi inarudi shambani kama kuna mtu wa kuinunua na mtu wa kuipalilia. Ukienda ocha likizo hii, uliza kama kuna kipande cha shamba kimelala. Halafu ushike jembe, usiwaachie kina mama peke yao tena.