"Sistim Iko Chini": Historia ya Kale Kasanduku ka Taa za Kijani

Kuna sentensi moja kila Mkenya anaijua: "Sistim iko chini, ngoja kidogo." Utaisikia benki, utaisikia hospitalini kwa dirisha la malipo, utaisikia kwa saiba siku ile unataka kuchapisha cheti na saa zinaisha. Na sisi hukaa tu kwa benchi tukingoja. Tukilaumu, tunalaumu "mtandao", kana kwamba mtandao ni mvua, huja na kwenda unavyotaka.

Mimi sikubaliani na hiyo tabia. Sistim haishuki yenyewe. Na mara nyingine sistim iko sawa kabisa, intaneti iko sawa, na shida imekaa hapo hapo kwa jengo, ndani ya kale kasanduku kenye taa za kijani kanakounganisha kebo zote. Kanaitwa swichi. Hakuna mtu hukaangalia hadi siku kanagoma.

Hoja yangu ni hii: magonjwa ya swichi ni ya kurithi. Ukijua historia yake, utajua mbona inaugua vile inaugua, na fundi hatakuzungusha.

Kebo moja, midomo mingi

Turudi 1973, Palo Alto, Marekani, kwenye maabara ya Xerox. Mwezi wa Mei mwaka huo, Robert Metcalfe aliandika waraka wa kueleza namna ya kuunganisha kompyuta za pale ndani. Akiwa na mwenzake David Boggs, wakatengeneza kitu tunachokiita Etheneti hadi leo. Wazo walilotoka nalo lilikuwa limejaribiwa kwa redio huko Hawaii: njia ni moja, wote wanaitumia, kila mmoja ajipange.

Fikiria mkutano wa chama usio na mwenyekiti. Unataka kusema, unasikiliza kwanza kama kuna mtu anaongea. Kukiwa kimya, unasema. Mkianza wawili kwa pamoja, nyote mnanyamaza, kila mtu anangoja muda wa kubahatisha, halafu anajaribu tena. Kompyuta za wakati ule zilifanya hivyo juu ya kebo moja nene. Mgongano haukuwa kosa, ulikuwa sehemu ya mpango.

Lakini chama kikiwa na watu mia, nani atamaliza sentensi? Tena baadaye, kwenye zile kebo nyembamba zilizopita kutoka meza hadi meza, mtu akichomoa kiungo kimoja vibaya, ofisi nzima inalala. Fundi alikuwa anatembea meza kwa meza akitafuta mahali kebo imekatika.

Mama aliyezuia mzunguko

Watu wakaanza kugawanya kebo vipande na kuviunganisha kwa kifaa kilichoitwa daraja. Daraja linasoma anwani ya kila fremu ya data, linajua nani yuko upande gani, na linavusha tu inayohitaji kuvuka. Fiti sana.

Sasa ukiweka madaraja mawili ili moja likifa lingine lishike kazi, umetengeneza mzunguko. Na hapa ndipo urithi mbaya wenyewe uko: fremu ya Etheneti haina hesabu ya kuiua ikizunguka sana. Pakiti za intaneti zinayo, fremu haina. Tangazo moja la "nani yuko hapa?" likiingia kwa mzunguko, linanakiliwa, nakala zinanakiliwa, na kwa sekunde chache mtandao mzima umejaa kelele ya tangazo hilo hilo.

Aliyetegua hicho kitendawili ni Radia Perlman, akifanya kazi katika kampuni ya DEC. Mwaka wa 1985 alichapisha itifaki inayofanya madaraja yazungumze yenyewe, yachague moja kuwa mzizi, halafu yazibe njia za ziada hadi ramani ibaki mti usio na mzunguko. Njia ikikatika, iliyozibwa inafunguliwa. Mwaka wa 1990 ikaingia kwa viwango rasmi, na bado uzao wake unafanya kazi ndani ya swichi nyingi za ofisi.

Nasema nyingi, sio zote. Zile za bei rahisi tunazonunua na kuweka chini ya meza, nyingi hazina hiyo itifaki. Msafishaji akiona kebo inaning'inia na kuichomeka kwa tundu lililo wazi la swichi ile ile, kwisha maneno. Taa zote zitapepesa pamoja kwa kasi moja kama disko na hakuna atakayefungua hata ukurasa mmoja. Dawa yake haihitaji digrii: chomoa kebo moja baada ya nyingine hadi taa zitulie. Ile iliyozituliza ndiyo mshtakiwa.

Kalpana na ugonjwa wa kimya kimya

Mwaka huo huo wa 1990, kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Kalpana ikatoa kifaa chenye poti saba, kila poti na njia yake. Hiyo ndiyo swichi ya kwanza ya Etheneti kuuzwa. Cisco walivyoona, wakainunua kampuni mwaka wa 1994.

Swichi iliua ule mkutano wa chama. Kila mtu sasa alikuwa na laini yake binafsi, akaweza kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Ila dunia ilikuwa bado imejaa vifaa vya zamani vinavyojua kupokezana tu. Kwa hivyo kiwango cha 1995, kilicholeta kasi ya megabiti 100, kiliweka pia utaratibu wa vifaa viwili kujadiliana: "Wewe unaweza kasi gani? Unaweza kusema na kusikiliza pamoja?"

Hapo ndo kulizaliwa ugonjwa ambao umetesa mafundi miaka mingi. Fundi mmoja anaamua kulazimisha upande wake: megabiti 100, kusema na kusikiliza pamoja, mjadala umezimwa. Upande wa pili bado unangoja mjadala. Unaweza kutambua kasi kutokana na ishara za umeme, lakini hauwezi kujua hilo la pili, kwa hivyo sheria inaulazimu urudi kwa tabia ya babu: kupokezana. Sasa mmoja anaongea bila kungoja na mwingine anaona kila neno ni mgongano.

Noma ni kwamba hakuna kinachoonekana kimeharibika. Taa ni za kijani. Ujumbe mfupi wa majaribio unapita vizuri. Ukianza kutuma faili kubwa ndo inatambaa kama trela Salgaa. Mtoa huduma anapigiwa simu, anapima laini yake, iko sawa, mnaanza kutukanana. Kumbe jibu liko kwenye hesabu za makosa za poti: upande mmoja migongano ya kuchelewa, upande mwingine fremu zilizofika zimeharibika.

Hospitali iliyorudi kwa karatasi

Ukidhani haya ni mambo ya mafundi pekee, soma kilichotokea Boston. Tarehe 13 Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess ulianza kuanguka. Data nyingi ya utafiti ilifurika kwenye mtandao uliokuwa umekua kwa kubandikwa bandikwa, swichi juu ya swichi, hadi ule mti wa Perlman ukapita kina chake kilichopendekezwa cha hatua saba. Swichi zikashindwa kukubaliana njia ipi imezibwa, mizunguko ikafunguka. Ulipanda, ukaanguka tena, kwa takriban siku nne.

Hospitali ikarudi kwa karatasi. Watu wakawa wanakimbiza majibu ya maabara kwa mguu. Mkuu wao wa teknolojia, John Halamka, alifanya jambo ambalo namheshimu nalo hadi leo: badala ya kuficha, alieleza hadharani kilichotokea ili hospitali nyingine zijifunze. Kompyuta zao zilikuwa nzima muda wote huo. Kilichokufa ni njia katikati yao.

Na sisi je?

Sisi pia tuna historia na swichi. Novemba 2000, watoa huduma wa intaneti Kenya walifungua KIXP Nairobi, mahali pa kubadilishana data ya humu nchini. Ukiondoa jina kubwa, moyo wa kitu kama hicho ni swichi. Kabla yake, barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Upper Hill iliweza kupanda setilaiti, ivuke bahari, halafu irudi. Telkom Kenya ikalalamika kwamba ukiritimba wake umevunjwa, na mdhibiti akaifunga Desemba hiyo hiyo. Ilifunguliwa tena Februari 2002. Zaidi ya mwaka mzima, mtandao wetu ulikuwa wa polepole na hakuna fundi angeutibu, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye sheria.

Leo tuna kebo za baharini tangu 2009, na tumehamisha karibu maisha yote huko: malipo, leseni, faili za wagonjwa. Halafu jengo zima linategemea kasanduku ambako hakuna mtu anajua kamewekwa wapi. Kikikwama, dawa ni moja: zima, washa. Shida ya hiyo dawa ni kwamba inafuta zile hesabu za makosa. Umechoma ushahidi, na ugonjwa utarudi wiki ijayo.

Kwa hivyo ukiwa na sauti popote, iwe ni shule, zahanati au saiba yako, dai vitu vitatu. Ramani: kebo gani inatoka wapi kwenda wapi. Kumbukumbu: kabla ya kuzima, piga picha ya taa na andika hesabu za poti, halafu badilisha kitu kimoja kwa wakati, kebo kwanza, poti baadaye, mipangilio ya pande zote mbili mwisho. Na karatasi: mpango wa kuhudumia watu wakati mashine imelala, uliofanyiwa mazoezi, sio uliofungiwa kabatini.

Mgonjwa aliye kwenye foleni hana haja ya kujua Metcalfe ni nani. Lakini yule anayelipwa kutunza ile swichi ana deni la kumjibu, na "ngoja kidogo" sio jibu.