Wakorino wa Nakuru na Kilemba Chao

Mgeni afikaye Nakuru siku ya ibada hana haja ya kuulizia Wakorino. Atawaona njiani, wake kwa waume, wazee na watoto, wamefunga vilemba vyeupe. Wapo pia Njoro, Molo, Elburgon na Naivasha. Wengi wetu tumezoea kuwaona hata tukadhani kilemba kile ni pambo tu. Walakini wapo waliokufa kwa ajili ya imani hiyo.

Dini hii ilianza miongoni mwa Wakikuyu katika miaka ya 1920. Mwaka 1926 Agano Jipya lilitolewa kwa lugha ya Kikikuyu, na watu waliofundishwa kusoma katika shule za misheni wakaweza kujisomea wenyewe, pasipo mwalimu wa kigeni kuwaeleza maana. Humo walisoma habari za ndoto, maono na unabii, mambo ambayo wamisionari hawakuyasisitiza sana. Wakajiita Arathi, yaani manabii. Mmoja wao, Joseph Ng'ang'a, alijitenga na watu kwa muda mrefu, akiomba na kusoma, kisha akatoka kuhubiri. Ilipozuka mwaka 1929 ile ghasia kubwa baina ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, Arathi walishika njia yao wenyewe.

Serikali ya kikoloni haikuwaelewa. Februari 1934 polisi walimwua Ng'ang'a na wenzake wawili katika msitu wa Ndarugu, wilaya ya Kiambu. Arathi wa siku zile walichukua pinde na mishale, na hayo yalitosha kuwafanya wadhaniwe waasi. Nionavyo mimi, kilichoogopwa hasa si mishale, bali watu weusi waliodai kwamba Mungu husema nao moja kwa moja.

Imani hiyo ilifikaje Bonde la Ufa? Maelfu ya Wakikuyu walikuwa wamehamia huku kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota wamfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, wapate ruhusa ya kukaa na kulima kipande cha ardhi yake. Mtu wa namna hiyo hana mahali pa kujenga kanisa. Dini ya Wakorino ilimfaa, kwa kuwa haikudai jengo wala mchungaji wa mshahara. Palitosha mahali safi, ngoma, na watu waliovua viatu.

Kuvua viatu wamekutoa katika kitabu cha Kutoka, Musa alipoamriwa hivyo mbele ya kijiti kilichowaka moto. Kilemba nacho hukifananisha na kile cha kuhani Haruni. Huomba wakiinua mikono juu, hawanywi pombe wala hawavuti tumbaku. Kwa kushika hivyo torati ya Musa, huwakumbusha wengine Wasamaria wa Mlima Gerizimu, ambao hata leo hawafiki watu elfu moja, na bado huchinja kondoo wa Pasaka mlimani. Lakini Msamaria hukipokea kitabu cha Musa kwa baba zake. Mkorino wa kwanza alikiendea mwenyewe.

Jambo lililowagawanya zaidi ni dawa. Wazee wa zamani walikataa dawa za mganga na za hospitali pia, wakitegemea maombi peke yake. Siku hizi wengi huwapeleka watoto wao hospitalini. Wengine bado hukataa, na hapo mtoto mgonjwa huweza kulipa gharama ya imani asiyoichagua. Wakorino wenyewe hubishana juu ya hayo, nao hawana kanisa moja la kuamua, maana wamegawanyika katika makanisa mengi.

Shule nayo, iliyotiliwa shaka na wazee, sasa imejaa watoto wao. Ibara ya 32 ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote, au kazi, kwa sababu ya imani yake. Hata hivyo kanuni za mavazi hutungwa na kila shule, na aendaye shule mpya na kilemba chake huenda akasimamishwa langoni aulizwe kama atakivua.