Nikstamali

Nikstamali ni mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa, yakalowekwa usiku kucha, kisha yakaoshwa tayari kwa kusagwa. Mapishi ya Meksiko yamesimama juu yake tangu kabla ya dola ya Waazteki.

Mahindi yenyewe asili yake ni huko. Wakulima wa bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa nchi, waliyapata kwa kuchagua mbegu za nyasi-mwitu iitwayo teosinte, miaka ipatayo 9,000 iliyopita.

Chokaa hulainisha ganda la punje hadi linabanduka kwa kusugua. Maji yaliyogeuka manjano humwagwa, mahindi yakasuuzwa na kusagwa yangali majimaji. Kwa karne nyingi kazi hiyo iliwaamsha wanawake alfajiri, wakapiga magoti mbele ya metate, jiwe la volkano lenye miguu mitatu. Mashine za kusagia zilipoenea katika karne ya 20, ziliwatua mzigo mkubwa. Donge linalopatikana hukatwa vidonge, hutandazwa na kuchomwa juu ya komali, kikaango bapa cha udongo au chuma. Hiyo ndiyo tortila. Donge hilohilo likifungwa katika maganda ya hindi na kupikwa kwa mvuke huwa tamale; likikorogwa majini huwa uji wa atole. Punje nzima zikichemshwa na nyama hadi zipasuke, hiyo ni pozole.

Faida kubwa imo katika lishe. Niasini, yaani vitamini B3, imo ndani ya mahindi lakini mwili hauipati kwa urahisi. Chokaa huifungua, na huongeza kalsiamu. Wahispania walivusha mbegu hadi Ulaya bila maarifa haya, na maskini ndio walioumia. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal alieleza ugonjwa wa wakulima wa Asturias walioishi kwa mahindi: pelagra, unaoletwa na upungufu wa niasini. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua maelfu kusini mwa Marekani.

Mwaka 2010 UNESCO iliyaingiza mapishi ya jadi ya Meksiko katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika, na nikstamali ikatajwa miongoni mwa mbinu zake. Mwaka 2025 katiba ya nchi ilirekebishwa: mahindi yalitambuliwa kuwa sehemu ya utambulisho wa taifa, na kilimo cha mahindi yaliyobadilishwa vinasaba kikapigwa marufuku.