Tunashona Plastiki: Historia ya Dashibodi Iliyovunjika

Leo naziweka programu kando kidogo, nataka tuzungumze plastiki. Ndiyo, plastiki: ile ya ndani ya gari, dashibodi, kava za milango, vifuniko vya spika, na vile vibanio vidogo ambavyo ukivuta kidogo tu vinalia "tak" na habari yake imekwisha. Huku Kimulot, kwenye nchi ya majani chai ya Bomet na Kericho, ukimpelekea fundi kipande kama hicho atakuambia moja kati ya mambo mawili: "tafuta ingine" au "hii tutashona". Hilo la pili lina historia ndefu, na naona wengi wetu tunalidharau bure.

Kushona vitu vigumu hakukuanza na magari. Wakipsigis wana sotet, kibuyu cha mursik. Kibuyu kizuri huchukua muda mwingi kukitayarisha, kwa hiyo kikipata ufa hakikutupwa. Kilitobolewa matundu madogo pande zote mbili za ufa, ukapitishwa uzi, ukakazwa mpaka midomo ya ufa ikutane. Vibuyu vya jamii nyingi za Kenya vina mishono ya namna hii, na mingine imetiwa shanga kabisa, kovu likawa pambo. Kumbuka umbo la kazi hiyo: matundu, uzi, kukaza. Tutakutana nalo tena.

Sasa magari. Mashamba makubwa ya chai yalianza Kericho miaka ya 1920, lakini gari ambalo wazee wanalikumbuka zaidi ni Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka wa 1948. Ilikuwa gari la wazi, paa lake turubai la kufungua na kukunja. Bodi ilikuwa ya alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza. Ndani hakukuwa na pambo lolote la kuzungumzia: bati, bolti na viti. Dashibodi ya bati ikijikunja unaigonga kwa nyundo. Ikichanika unapiga ribiti. Fundi aliyejifunza kuezeka nyumba ya mabati angeweza kuitengeneza, na wengi ndivyo walivyoanza.

Basi plastiki iliingia vipi? Watu husema ni ubahili wa viwanda. Ni kweli kwa sehemu, lakini sehemu nyingine ni usalama, na hii husahaulika. Dashibodi ya bati ilikuwa inapasua nyuso za watu. Mwaka wa 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu cha kuwashambulia watengenezaji wa magari Marekani, na kuanzia Januari 1968 magari mapya ya abiria ya huko yalitakiwa kuwa na sehemu za ndani zinazopunguza kishindo kichwa kikigonga. Kisha 1973 mafuta yakapanda bei ulimwenguni, kila mtu akataka gari jepesi. Vifaa vilikuwa tayari vinangoja: ABS ilikuwa imeanza kuuzwa 1954, na polipropilini, tunayoifupisha PP, ikaanza kutengenezwa kwa wingi 1957 huko Italia baada ya kazi ya Giulio Natta, ambaye alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1963 pamoja na Karl Ziegler.

Huku kwetu mabadiliko hayo yalifika kwa kuchelewa, tena kwa kishindo. Kwa muda mrefu magari mapya yaliunganishwa hapa hapa, kwa mfano kwenye kiwanda cha Leyland Kenya pale Thika kilichoanzishwa 1974. Biashara ya nje ilipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari ya mitumba kutoka Japani yakamiminika. Baadaye sheria ikaweka kikomo: gari lisizidi umri wa miaka 8 linapoingia. Fikiria maana yake. Gari likiwa na miaka 7 linashushwa Mombasa, na hapo ndipo maisha yake ya pili yanapoanza, miaka 15 au 20 mingine kwenye murram. Mhandisi aliyechora kile kibanio cha kava ya mlango hakuwaza habari ya barabara ya Konoin wakati wa mvua.

Na gari la wazi la zama hizi ni Suzuki ndogo ya turubai, ile SJ410 iliyotoka 1981 na ndugu zake waliofuata. Sura ni ya Land Rover, lakini ndani kuna plastiki. Hapa ndipo jua linapoanza fujo zake. Kericho mjini ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwenye gari lenye paa, bati na vioo hupunguza mionzi hiyo. Ukikunja turubai unaianika dashibodi kama mahindi. ABS ina sehemu ndani yake iliyo kama mpira, ndiyo inayoifanya ivumilie kugongwa. Mionzi na hewa huila sehemu hiyo kwanza. Plastiki inabaki na umbo lake, rangi inapauka, lakini ushupavu umekwenda. Ndiyo maana kipande cha miaka 25 huvunjika ukikigusa ilhali kwa macho hakina shida. (Kompyuta za zamani zilizogeuka manjano zinaugua ugonjwa wa ukoo huo huo.)

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea. Plastiki zote kwa macho ni plastiki, lakini tabia zao ni mbali kama faili la picha na faili la muziki. Ukifungua faili kwa programu isiyo yake unapata takataka, na ukitia gundi isiyo yake unapata takataka pia. Bahati nzuri mafaili haya yana kiambishi. Mwaka wa 1993 ulitoka mwongozo wa kimataifa, ISO 11469, wa kuandika aina ya plastiki kwenye kipande chenyewe. Lengo lilikuwa kurahisisha urejelezaji, lakini aliyefaidika sana ni fundi. Geuza kipande, angalia mgongoni, utaona >ABS< au >PP< au mengineyo. Kama gari ni la kabla ya hapo na hakuna maandishi, chuna kijipande utie kwenye maji. ABS huzama, PP huelea. Ila PP iliyochanganywa unga wa talki inaweza kuzama pia, kwa hiyo tone la asetoni mahali pasipoonekana ndilo huamua: ABS inalainika na kunata, PP haishtuki.

Supaglu nayo ina hadithi yake. Harry Coover wa Kodak aliikuta 1942 akitafuta plastiki angavu ya vifaa vya kulengea bunduki, akaitupa kwa sababu ilinata kila mahali. Ilianza kuuzwa 1958. Mafundi hunyunyiza juu yake magadi yale ya kuumulia mandazi, inaganda papo hapo na kuwa ngumu kama jiwe, unapiga msasa. Kwa ABS ni dawa nzuri. Kwa PP ni kupoteza wakati, kwa sababu uso wa PP haukubali kushikwa. Itakaa siku mbili, halafu itabanduka nzima kama ganda.

Kwa hiyo PP inashonwa. Kwanza unatoboa kitundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia. Kisha unachukua uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme uliotupwa, unaulaza kukatiza ufa, unaubonyeza kwa chuma cha moto cha solda mpaka uzame, na plastiki inafunga juu yake. Fanya nje penye upepo, moshi huo si wa kuvuta. Kama sehemu haionekani, mafundi wengine hawayeyushi chochote: matundu pande zote mbili, waya, kukaza. Sotet kabisa.

Na ABS yenye pengo, yaani kipande kimepotea kabisa, inajazwa kwa ABS nyingine. Unakatakata ABS chakavu, unaloweka kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo usiku kucha, asubuhi una uji mzito unaoupaka kama lipu. Ukikauka unakuwa plastiki ile ile. Usitumie kava za monita za zamani, nyingi zina kemikali za kuzuia moto ambazo huzitaki kwenye vumbi la msasa. Vitufe vya kibodi ni bora, mradi vilainike kwenye asetoni. Kibodi yangu ya zamani haina tena F7, Scroll Lock wala Pause, viko kwenye mlango wa Suzuki ya jirani.